Chai ya Moshi au Chai Iliyofukizwa? Neno Moja katika Njia ya Tabora

Mfasiri wa orodha za bidhaa za kigeni hukutana na chai ambayo majani yake hukaushwa kwa moshi wa kuni za msonobari. Asili yake ni milima ya Wuyi, jimbo la Fujian, nchini China. Wafanyabiashara huiita Lapsang Souchong, na wanywaji wake huisifu hasa wakati wa baridi. Mfasiri akiandika “chai ya moshi”, msomaji wa Tabora ataona sufuria isiyofunikwa juu ya mafiga, kuni mbichi na mpishi mzembe. Chai hiyo hunuka, wala hainukii. Silabi moja tu inatenga lawama na sifa.

Wala si kwamba watu wa Tabora hawaijui baridi. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe watu huota moto. Katika kiangazi hicho, baada ya mavuno, wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakilala kambini kando ya moto. Chai haikuwa kinywaji chao. Burton na Speke, walioondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh (ndiyo Tabora) tarehe 7 Novemba, walifungasha masanduku 5 ya chai, kila moja ratili 6. Jumla yake haikufika nusu ya mzigo wa mpagazi mmoja, uliokaribia ratili 70. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ya namna hiyo ilishuka mabegani mwa watu.

Iko na chai nyingine iitwayo ya “Msafara wa Kirusi”. Baada ya mkataba wa Kyakhta wa mwaka 1727, chai ya China ilipelekwa Urusi kwa ngamia, na husimuliwa kuwa ilipata ladha yake kwa moshi wa makambi. Hadithi ni tamu, lakini moshi wa mchanganyiko unaouzwa kwa jina hilo hutoka zaidi katika majani ya Lapsang yaliyotiwa humo. Kwa jina lake hatuna haja ya kuazima “karavani”: neno “msafara” latosha, ijapokuwa msafara wa Tabora ulikwenda kwa miguu ya watu, kwa kuwa mbung’o waliwaua wanyama wa mizigo.

Tukirudi kwenye moshi wenyewe, lugha yetu inacho kitenzi: kufukiza, kutokana na kufuka. Nguo hufukizwa udi zikanukia. Warina asali wa Tabora hufukiza nyuki, na hapo tahadhari yahitajika, kwani asali iliyoingia moshi hupungua thamani sokoni. Kwa hiyo moshi unaoingia kwa bahati mbaya “huingia”, na ule unaokusudiwa “hufukizwa”. Wako watakaopendekeza kubanika, lakini kitenzi hicho ni cha nyama na samaki, navyo huiva juu ya moto. Majani ya chai hayabanikwi.

Naona basi tuandike “chai iliyofukizwa”. “Chai ya kufukiza” haifai, maana mgonjwa wa mafua aweza kudhani ni dawa ya kujifunika nayo blanketi.