Maana ya Neno Mapatano

Twasikia watu wakipiga kura, kisha husema, "Tumepata mapatano." Sivyo. Neno hili latoka katika kupatana: huyu ampata yule, na yule ampata huyu. Wengi wakishinda kwa kura, na tuseme, "Wengi wameamua." Kwa Kilatini ni consensus, maana yake kuona moyoni pamoja.

Historia ya Bunia yatuonyesha uzito wa neno hili. Tarehe 18 Machi 2003, mjini humo, serikali za Kongo na Uganda pamoja na vikundi kadhaa vya wapiganaji wa Ituri walitia sahihi kwamba vita vikome. Lakini UPC, waliofukuzwa mjini tarehe 6 mwezi uleule, hawakutia sahihi. Askari wa Uganda wakaondoka mwanzoni mwa Mei. Tarehe 12 Mei UPC wakauteka mji. Mamia ya raia waliuawa mwezi ule.

Tarehe 16 Mei, huko Dar es Salaam, UPC nao walitia sahihi. Hata hivyo bunduki hazikunyamaza, na mwezi wa Juni ikabidi askari wa Ulaya waje kuulinda mji.

Basi tutofautishe. Karatasi yenye sahihi ni mkataba. Mapatano ni ya mioyo, nayo hayamwachi mtu nje. Kabla ya kusema "tumepatana," yafaa tuulize kwanza: Ni nani hayupo? Na aliyepo, je, amekubali kweli?