Mkazo wa oksidisho ni mkazo wa nini?

Neno "stresi" limeshapata uraia katika Kiswahili cha mjini. Mwenye madeni ana stresi, anayesubiri matokeo ya mtihani ana stresi, na foleni ya jioni nayo ni stresi tupu. Mzazi akisoma kwamba ugonjwa wa kurithi wa mwanawe unaleta "msongo wa oksidi" kwenye ubongo, ana haki ya kuuliza mtoto huyo ana mawazo gani. Msongo umezoeana mno na mawazo, na shinikizo limeshachukuliwa na damu. Neno mkazo limebaki huru kidogo. Limetokana na kukaza, wanaisimu hulitumia kwa silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi, na halina huzuni wala hofu ndani yake. Kwa hiyo nachagua mkazo wa oksidisho. Wanaoandika msongo nawavumilia. Siwezi kuvumilia tafsiri za mashine zinazogeuza radikali huru (free radicals) kuwa "itikadi kali za bure", kana kwamba ndani ya seli kuna chama cha siasa kisichotoza ada.

Aliyeipa dhana hii umbo lake ni Helmut Sies, mwanabiokemia wa Düsseldorf, Ujerumani, katika kitabu alichokihariri mwaka 1985. Kwa maelezo yake, vitu vinavyooksidisha na vitu vinavyozuia oksidisho vina uwiano wao mwilini. Uwiano huo ukielemea upande wa kwanza hadi kuweza kuleta madhara, mkazo umeingia. Tuzingatie kwamba hapo hakuna ugonjwa uliotajwa, wala kiungo. Kilichotajwa ni uwiano ulioharibika tu.

Uharibifu huanzia kwenye kupumua kwenyewe. Mitokondria hupitisha elektroni kutoka molekuli hadi molekuli mpaka zikutane na oksijeni mwisho wa safari, yakapatikana maji. Chache huchepuka njiani, zikaidaka oksijeni kabla ya wakati na kuzaa superoksidi, mojawapo ya zile radikali huru. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba mwili una kimeng'enya cha kuishughulikia superoksidi hiyo na kuifanya peroksidi ya hidrojeni. Peroksidi nayo husubiriwa na glutathioni, ambayo kwa msaada wa kimeng'enya kingine huimaliza ikawa maji. Isipowahiwa, ikakutana na madini ya chuma, huzaa radikali ya haidroksili, na hiyo haichagui inachokigusa.

Ubongo wa mtu mzima ni takribani asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni yake anapokuwa ametulia. Una chuma. Una mafuta mengi, tena ya aina inayooksidishwa kwa urahisi. Kinachotokea kwenye utando wa niuroni ni mmenyuko uleule unaozifanya karanga zilizokaa sana guniani ziwe chungu: asidi mafuta moja huharibika, nayo huiharibu ya jirani, na ya jirani huendelea na nyingine. Gunia la karanga utanunua jingine. Niuroni karibu zote ulizo nazo ni zile za tangu utotoni.

Hapo ndipo magonjwa ya kurithi ya umetaboli yanapoingia, yale ambayo daktari Archibald Garrod aliyaeleza kwa pamoja katika mihadhara yake ya London mwaka 1908. Kimeng'enya kimoja kimekosekana au kimelemaa. Kitu fulani kinarundikana, kingine kinapungua. Chukua fenilketonuria, iliyotambuliwa na Asbjørn Følling huko Oslo mwaka 1934. Fenilalanini hujaa kwenye damu na ubongo wa mtoto hudumaa, na tangu miaka ya 1950 tiba yake ni mlo wenye fenilalanini kidogo. Mkazo wa oksidisho upo kwenye ugonjwa huu, lakini ni mkondo wa pembeni, si chanzo. Ajabu ni kwamba mlo wenyewe, kwa kupunguza protini za kawaida, unaweza pia kupunguza seleniamu, na kimeng'enya kinachofanya kazi na glutathioni kinaihitaji seleniamu. Mlo unaouokoa ubongo unaweza kuupokonya ngao yake moja, ndiyo maana maziwa maalumu ya wagonjwa hawa mara nyingi huongezwa madini hayo.

Ugonjwa ambao istilahi hii inauenea bila kulazimishwa unapatikana zaidi Tunisia na kwa majirani zake wa Afrika Kaskazini. Kijana, mara nyingi akikaribia balehe, anaanza kuyumba. Mikono inakosa shabaha, usemi unakuwa mzito, na gizani hali inazidi kwa sababu miguu haiwezi tena kuuarifu ubongo ilipo. Daktari anawaza ataksia ya Friedreich, ugonjwa mwingine wa kurithi wenye dalili kama hizo. Kipimo cha damu kinasema jambo jingine: vitamini E karibu haipo, ingawa kijana anakula vizuri na utumbo wake unafyonza mafuta kama kawaida. Jeni yenye hitilafu ilitambuliwa mwaka 1995, nayo huitwa TTPA. Protini yake hukaa kwenye ini, ikiichukua vitamini E iliyotoka tumboni na kuipakia kwenye chembe za mafuta zinazosafiri na damu. Asiye na protini hiyo huipata vitamini na kuipoteza palepale. Na vitamini E ndiyo inayokatiza ule mnyororo wa uharibifu kwenye utando. Hapa mkazo wa oksidisho ndio ugonjwa wenyewe, na dawa inafuata maelezo moja kwa moja: miligramu 800 au zaidi za vitamini E kila siku kwa mtu mzima, maisha yote, wakati mahitaji ya kawaida ni kama 15. Ugonjwa husimama, wengine hupata nafuu kiasi, na ndugu aliyegunduliwa kabla ya dalili anaweza asiugue kabisa.

Mpe vitamini hiyohiyo mgonjwa wa Friedreich na mambo hayatakuwa hivyo, japo dalili zinafanana. Kwake kinachopungua ni frataksini, na chuma huvurugika ndani ya mitokondria. Idebenoni, kizuia oksidisho kilichotazamiwa sana, haikuthibitisha faida kwa neva katika majaribio makubwa. Dawa iliyoidhinishwa Marekani Februari 2023, omaveloksoloni, huamsha protini ya NRF2 ili seli ijitengenezee ulinzi wake yenyewe. Basi muuza virutubisho anayedai kwamba chupa yake "inaondoa mkazo wa oksidisho" aulizwe kwanza: wa seli gani, na umetoka wapi?

Swali hilo lina maana hata huku kwetu, ambako upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD ni jambo la kawaida. Mtafiti Anthony Allison aliandika juu yake kuhusu watu wa Afrika Mashariki mwaka 1960. Kimeng'enya hiki husaidia kurudisha kazini glutathioni iliyokwisha kutumika, na seli nyekundu ya damu, isiyo na mitokondria, haina njia nyingine ya kufanya hivyo. Wengi huishi na upungufu huo bila kujua, mpaka wakutane na dawa kama primakuini na dapsoni, au na naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kabatini. Kwa mtoto mchanga, seli nyekundu zikipasuka kwa wingi, bilirubini hupanda kuliko ini lake changa linavyoweza kuimudu, na ikipenya hadi kwenye ubongo huacha uziwi na mwili unaokakamaa.

Ubongo umeumia, lakini uwiano ulioharibika ulikuwa kwenye damu. Kwenye kijitabu cha kliniki ningeandika "mkazo wa oksidisho wa seli nyekundu", na mstari unaofuata ningesema nguo za mtoto zisihifadhiwe kwa naftalini, na akionekana wa manjano machoni au kwenye ngozi apelekwe hospitali siku hiyohiyo.