Fildi ya Wanavyuo: Kutoka Ikulu 1966 hadi Kasulu na Kibondo

Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanavyuo huyaita fildi tu, ni kipindi cha kutoka darasani na kufanya kazi ya fani chini ya msimamizi. Katika miinuko ya Kigoma, Kasulu na Kibondo, wanaofika hupokelewa zaidi na halmashauri, shule za sekondari, hospitali na mashirika ambayo yamekuwa yakihudumia wakimbizi wa kambi za Nyarugusu na Nduta.

Suala la msomi kutoka darasani na kwenda kufanya kazi lina historia yake. Elimu ya chuo kikuu nchini Tanzania ilianza Oktoba 1961 kwa wanafunzi 14 wa sheria, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Miaka mitano baadaye ukazuka ugomvi juu ya deni la msomi kwa nchi yake. Oktoba 22, 2026 ugomvi huo unatimiza miaka 60.

Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wapitie Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa takriban miaka miwili: miezi mitano kambini, kisha kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanachuo wakavaa majoho mekundu, wakaandamana hadi Ikulu na kumsomea Rais, Mwalimu Nyerere, madai yao mbele ya mawaziri. Bango moja lilidai kwamba wakati wa ukoloni mambo yalikuwa afadhali. Hilo ndilo lililochoma. Nyerere alifoka kuhusu mishahara minono ya wakubwa, akatangaza kupunguza wake kwa asilimia 20, kisha akawatimua waandamanaji karibu 400 warudi makwao. Wengi walirejeshwa mwaka uliofuata. Vijana walikuwa na ubinafsi, ni kweli; lakini Rais mwenyewe, kwa kukata mshahara wake, alikiri kwamba ubinafsi haukuanzia chuoni.

Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya ujamaa, ulifanyika mkutano wa kujadili nafasi ya chuo hicho katika ujamaa. Kitivo chake cha Uhandisi kilipofunguliwa 1973, mafunzo ya viwandani yalikuwa sehemu ya masomo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likageuza utaratibu: kijana apitie JKT na kazi kwanza, apate sifa njema kwa mwajiri na tawi la chama tawala, TANU, ndipo aingie chuo kikuu. Sharti hilo lililegezwa baadaye. JKT ya lazima ilisitishwa 1994 na kurejeshwa 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Kanembwa, katika Wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo, na Mtabila ya Kasulu ni miongoni mwa kambi za JKT.

Miongozo ya kitaifa ya utarajali, yaani mazoezi ya kazi kwa wahitimu, ilitolewa 2017. Kwa walio bado chuoni, Bodi ya Mikopo imekuwa ikikopesha wanaostahili Sh10,000 kwa siku, zisizozidi siku 56. Kiwango hicho hakibagui Kariakoo ya Dar es Salaam na Kibondo, kana kwamba nauli ya zaidi ya kilomita 1,000 hujilipa yenyewe. Ndiyo maana fildi ya Kasulu na Kibondo humfaa zaidi mwenye ndugu wa kumpa malazi, na wilaya zenye uhaba wa wataalamu huwakosa vijana ambao wangeweza kuzizoea mapema. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, iliyopangwa kujengwa Kigoma chini ya mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, ulioanza 2021, inaweza kuwaleta wanafunzi wa tiba karibu na wodi za hospitali za Kasulu na Kibondo, iwapo ratiba ya fildi itazihesabu hospitali hizo tangu mwanzo.