Mulili Si wa Kuchekesha Tu: Jinsi ya Kumsoma Mhusika Kabla Umpeleke Steji

Kama ulisoma sekondari Kisii ama Nyamira, hii unaijua. Wasanii wa setibuku wanatua shuleni, holi inajaa hadi dirishani, halafu jamaa wa magwanda ya jeshi anaingia akishrabu Kizungu. Hapo watu wameisha kwa kicheko. Huyo ni Mulili wa Betrayal in the City.

Shida ni hii: msanii akicheza kushrabu pekee, mwisho wa tamthilia hauingii akilini.

Kwa wenye hawajaisoma

Francis Imbuga aliichapisha 1976. Mwaka wa 1977 Kenya ikaipeleka Lagos kwa tamasha la FESTAC, pamoja na The Trial of Dedan Kimathi. Baadaye ikawa setibuku ya KCSE. Story iko Kafira, nchi ya kubuni (panga hizo herufi upya upate Afrika), yenye inaendeshwa na Boss. Mulili ni binamu ya Boss.

Swali la kwanza: anataka nini?

Dairekta Mrusi, Konstantin Stanislavski, ndiye alifanya hili swali likawa maarufu. Kabla ujue mhusika anaongea aje, jua anatafuta nini. Sasa mfuate Mulili:

- Kaburini. Yeye na Jere wametumwa kuzuia Doga na Nina wasifanye mila ya kunyoa kwa kaburi la mtoto wao Adika, mwanafunzi aliyepigwa risasi kwa maandamano. Jere anaona huruma. Mulili anakataa, juu Boss amemuahidi shamba kubwa la mzungu lenye ng'ombe wa gredi.
- Tenda. Baadaye kuna tenda ya kupeleka maziwa chuo kikuu. Kabito anaikosa, Mulili anaipata. Kabito akilalamika, Mulili anamchomea kwa Boss, na Kabito anauawa.
- Mwisho. Mazoezi ya mchezo wa kumkaribisha rais mgeni yanageuka mapinduzi. Mulili akiona bunduki ni za ukweli, anamgeuka Boss, binamu yake mwenyewe. Jusper anampiga risasi.

Umeona? Shamba, ng'ombe, maziwa. Ni njaa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Huyu jamaa hajawahi kumpenda Boss. Amependa kile Boss anaweza kumpa, na hiyo siku Boss hana kitu cha kupeana.

Msanii wa Gusii haendi mbali kutafuta

Huku kwetu mashamba yamegawanywa hadi mtu anarithi kipande cha nyumba na migomba kadhaa. Ndugu wanapelekana kortini juu ya mpaka. Ng'ombe mmoja wa gredi analipa karo. Kwa hivyo ukisema yale maneno ya shamba, usiyakimbize ndio ufike kwa mzaha. Simama. Ona hizo nyasi. Watu kwa holi wanajua hiyo njaa kuliko vile unadhani, na ndio maana watamuogopa Mulili.

Doga na Nina pia. Mzee akinyimwa kumfanyia mwanawe mila ya mwisho, hakuna haja ya kupiga nduru steji yote. Kunyamaza kunatosha.

Jaribu hii kwa mazoezi

1. Soma skripti yote, si mistari yako pekee.
2. Kwa kila onyesho andika sentensi moja: "Nataka..." Kama huwezi kuijaza, bado hujamjua.
3. Angalia wengine wanasema nini juu yako, halafu ujiulize kama wanadanganya na kwa nini.
4. Cheza onyesho la kaburini kwa Ekegusii kwanza. Kwa lugha yenye anaimanya, Mulili hashrabu. Anapanga, anatisha, anahesabu. Halafu urudi kwa skripti na hiyo akili.
5. Fanya hivyo na kila mtu. Jusper amekiri kumuua Chagaga juu ya kifo cha Adika: ni wazimu ama ni kisasi? Dairekta aamue mapema, juu risasi ya mwisho ni yake.

Kicheko bado kitakuja, Imbuga alikiweka makusudi. Lakini Mulili akianguka na holi bado inacheka, Form 4 wameenda home wakidhani dikteta husaidiwa na wajinga. Husaidiwa na watu wanaojua bei yao vizuri sana.

Wewe kwa shule yenu ulicheza nani? Na alikuwa anataka nini?