Lugha ya Alama, au Tuiiteje?

Miaka kadhaa iliyopita, walimu wenzangu wa Kasulu na Kibondo waliniomba niwaandikie mwongozo wa kutumia programu ya kompyuta ya kukokotolea matokeo ya wanafunzi. Nilikuwa nimekwisha kustaafu, nikadhani ni kazi ya majuma mawili. Niliandika nakala mbili. Moja ilikuwa ya kuchapwa, kwa sababu wakati ule miji yetu ilitegemea umeme wa jenereta za dizeli, na mtu hawezi kusoma kompyuta iliyozimika. Ya pili ilikuwa ya kusomwa kwenye skrini.

Baadaye niligundua kosa katika hatua ya saba: sikuwa nimemwambia msomaji ahifadhi kazi yake kabla ya kufungua muhula mpya. Nikasahihisha nakala ya skrini. Ile ya karatasi nikaisahau. Mwalimu mmoja kijana wa Kibondo, mtu makini sana, akaifuata karatasi yangu neno kwa neno na kupoteza alama za kidato kizima. Alikesha siku tatu akizikokotoa upya kwa mkono, kwa mwanga wa taa ya chemli. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Kosa langu halikuwa la lugha. Niliandika jambo moja mara mbili, na maandishi mawili hayakui pamoja. Nikaanza kutafuta namna wanavyofanya wale ambao kuandika miongozo ya programu ndiyo kazi yao. Nilichokipata kina historia, nami naamini historia hiyo inawahusu washairi.

Zamani mhariri alitia alama pembeni mwa muswada kumwelekeza mpanga herufi: hapa herufi nene, hapa ruka mstari. Kompyuta zilipoingia katika uchapaji, alama hizo zikahamia ndani ya matini, lakini zikaendelea kuamuru sura tu. Mwaka 1969 watafiti watatu wa kampuni ya IBM, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie, walianza kazi iliyozaa GML, jina linalobeba herufi za kwanza za majina yao ya ukoo. Wazo lao lilikuwa jepesi na zito kwa pamoja: usiseme neno lionekaneje, sema neno ni nini. Usiandike "herufi nene". Andika "hiki ni kichwa cha sura". Mavazi yataamuliwa baadaye.

Mwaka 1986 wazo hilo likawa kiwango cha kimataifa, ISO 8879, kijulikanacho kama SGML. Mwaka 1991 kampuni za HaL Computer Systems na O'Reilly zikaanzisha DocBook, kwanza kwa ajili ya nyaraka za mfumo wa Unix. Humo hatua huitwa hatua, onyo huitwa onyo, na jina la amri hubainishwa kuwa jina la amri. Mwandishi hutunza chanzo kimoja. Kutoka humo programu moja hutoa kitabu cha kuchapwa, na nyingine hutoa kurasa za skrini. Ukirekebisha hatua ya saba kwenye chanzo, kila nakala itakayotolewa baada ya hapo itakuwa na marekebisho hayo. Miaka hiyohiyo Tim Berners-Lee, akiwa CERN, aliunda HTML, inayobeba kurasa za wavuti hadi leo. Na mwaka 1998 ikatolewa XML, toleo jepesi la SGML.

Sasa tutazame kwetu. Katika miswada ya tenzi ya hati za Kiarabu, vipande vinne vya ubeti viliandikwa katika mstari mmoja, vikitenganishwa kwa alama. Tenzi hizohizo zilipochapwa kwa hati za Kilatini, vipande vikapangwa kimoja chini ya kingine. Sura ilibadilika, utenzi haukubadilika, kwa kuwa mnakili alijua kipande ni kipi na kina cha bahari kiko wapi. Ubeti, mshororo, ukwapi, utao, kibwagizo: hayo yote ni majina ya kitu kilivyo, si ya kinavyoonekana. Anayeyajua ameshaielewa nusu ya elimu hii. Na shairi lililotumwa kwenye simu likafika limeporomoka kama insha, mizani haionekani, lilipotea kwa sababu mistari yake ilipangwa kwa macho tu.

Kiswahili hakikubaki nje ya historia hii. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Programu ya OpenOffice ilihifadhi nyaraka zake kwa XML. Kwa hiyo mtu aliyeandika barua kwa Kiswahili humo alikuwa akitumia elimu hii bila kujua.

Ila jina lake ndilo gumu. Nikisema "lugha ya alama", Mtanzania ataelewa lugha ya viziwi, na ni haki yao, kwa kuwa walitangulia kuwa na jina hilo. Nikisema "kutia alama", mwalimu ataelewa kusahihisha mitihani. Mimi napendekeza "lugha ya ubainishi", kwa kuwa kazi yake ni kubainisha: hii ni hatua, hili ni onyo, hiki ni kibwagizo. Mwenye neno bora alilete, nitaliacha langu bila kinyongo.

Mwongozo wangu nimeuandika upya, safari hii katika chanzo kimoja. Kabla ya hatua ya saba kuna onyo, nami nimelibainisha kuwa ni onyo. Nakala ya kwanza ya karatasi nilimpelekea yule kijana wa Kibondo kwa mkono wangu.