Kinga ya Radi: Habari za Waya Ushukao Ardhini

Wasomaji wetu, wengi wenu mwaijua radi kwa kuiona ikipasua mwembe, au ikiua ng'ombe waliokusanyika chini ya mti. Tena baadhi yenu mmeona fimbo ya chuma imesimamishwa juu ya mnara wa kanisa au paa la shule, mkaambiwa ya kuwa hiyo ndiyo izuiayo radi. Neno hilo ni nusu ya kweli tu, na nusu iliyobaki imewapotezea watu roho zao. Kwa hiyo twataka kuieleza habari hii tangu mwanzo wake.

Zamani katika Ulaya, wingu jeusi lilipotanda, desturi ilikuwa kupiga kengele za kanisa, maana watu walidhani ya kwamba sauti yake hutawanya radi. Lakini mnara ndio mrefu kuliko nyumba zote za mji, na kamba iliyolowa imo mikononi mwa mpigaji! Mwaka 1784 kilitolewa kitabu katika mji wa Munich, kilichohesabu ya kuwa kwa miaka 33 radi ilipiga minara 386, ikaua wapiga kengele 103.

Aliyetoa shauri jipya ni Benjamin Franklin, mpiga chapa wa mji wa Philadelphia katika Marekani. Yeye alisema umeme wa mawinguni ni ule ule ambao wajuzi waliufanya kwa vyombo vyao nyumbani, na kwamba fimbo ya chuma yenye ncha ingeweza kuuthibitisha. Tarehe 10 Mei 1752 Wafaransa walijaribu jambo hilo katika kijiji cha Marly-la-Ville, na cheche zikaonekana kweli. Lakini angalieni sana: chuma chao hakikufika ardhini. Kilisimamishwa juu ya chupa za kioo kwa kusudi, ili umeme usishuke, upate kuonekana.

Mwaka uliofuata, 1753, Profesa Georg Richmann wa St Petersburg, katika Urusi, alikuwa na chuma namna hiyo hiyo, kimetoka juu ya paa na kuingia chumbani mwake. Dhoruba ilipokuja alikimbilia nyumbani pamoja na mchoraji mmoja, apate kupima nguvu yake. Alipoinama karibu na chuma, moto wa rangi ya samawati uliruka ukampiga kipajini, akafa papo hapo. Kiatu chake kilipasuka, na mwimo wa mlango ukachanika. Yule mchoraji aliangushwa chini, lakini akapona.

Basi twaona ya kuwa umeme hutafuta ardhi. Ukipewa njia nzuri hupita. Usipopewa, hujitafutia wenyewe katika ukuta, au mti, au mwili wa mtu. Franklin alifahamu neno hili, na katika kalenda yake ya mwaka 1753 aliagiza mwisho wa fimbo uzikwe futi 3 au 4 katika udongo wenye unyevu.

Mwaka 1769 radi ilipiga ngome katika mji wa Brescia, Italia, palipowekwa akiba kubwa ya baruti. Ikalipuka, ikabomoa sehemu ya mji na kuua watu wengi sana. Waingereza wakaingiwa na hofu kwa ajili ya ghala zao za baruti za Purfleet, karibu na London. Mwaka 1772 wajuzi waliitwa, Franklin akiwa mmojawapo, wakashauri fimbo zenye ncha, na tena visima vichimbwe mpaka viwe na maji ya futi 4, njia ya umeme iishie humo. Sisi twalipenda shauri la visima kuliko mengine yote, kwa kuwa ardhi kavu haipokei umeme vizuri.

Hata hivyo, tarehe 15 Mei 1777 radi ilipiga nyumba moja ya pale pale, nayo ilikuwa na fimbo yake. Benjamin Wilson, ambaye tangu kwanza alitaka fimbo butu, akapaza sauti, na Mfalme George III akawa upande wake. Maana vita vya Marekani vilikuwa vimeanza, na ncha za Franklin zilichukiwa pamoja na mwenyewe. Lakini radi ile ilikuwa imepiga gango la chuma kwenye pembe ya ukuta, ambalo halikuunganishwa na risasi ya paa iliyokuwa njia ya kushukia. Nafasi kati yao ilikuwa inchi chache tu, nayo radi iliiruka, ikang'oa matofali machache. Wakubwa waligombana juu ya ncha, na kosa lilikuwa kwenye kiungo. Ndiyo sababu mafundi wa leo huunga pamoja mabati, mifereji na mabomba ya maji, na nyumba yenye taa za umeme huifanyia vivyo hivyo.

Tena macho hayatoshi. Waya waweza kung'aa ukutani, na chini ya udongo umekwisha kuoza. Fundi huchomeka vijiti vya chuma mbali kidogo, hupitisha umeme mdogo, na chombo chake humwonyesha jinsi ardhi inavyozuia. Hutakiwa, ikiwezekana, isizidi omu 10. Afadhali kupima wakati wa kiangazi, udongo ukiwa katika hali yake mbaya kabisa.

Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 kwa siku moja katika shule ya Runyanya, Uganda, ambayo haikuwa na kinga. Baadaye iliwekewa. Katika shule moja tuliyopata kufundisha sisi, fimbo ilikuwako juu ya paa, nasi tuliitegemea. Siku moja tuliufuata waya wake, tukaona umekatwa kwa kimo cha kifua. Shaba yote ya chini imekwisha kuibwa, wala hakuna aliyejua tangu lini. Upande wa pili wa ukuta ule walikaa watoto wa darasa la kwanza. Tuliyahamisha madawati yao siku ile ile, kisha tukaandika barua kuomba fundi.