Waokoaji wa Shamu na Maana ya Neno Shahidi

Neno shahidi tulilipokea kutoka Kiarabu. Sisi nasi, kama Wayunani na neno lao martus, tunamwita hivyo anayesema aliyoyaona na pia anayekufa kwa ajili ya imani. Historia ya karibuni ya Syria, ile Shamu ya Biblia yetu, yaonyesha jinsi maana hizo mbili zinavyokutana.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza huko mwaka 2011. Punde waokaji mikate, washonaji na walimu wakaanza kuwafukua majirani zao vifusini. Mwaka 2014 waliunda shirika moja, wakajulikana kwa helmeti zao nyeupe. Khaled Omar, fundi rangi wa Aleppo, alimtoa mtoto mchanga kifusini mwaka huo baada ya kuchimba kwa saa nyingi. Aliuawa Agosti 2016. Mara nyingi ndege zilirudi kupiga pale pale, waokoaji wakiwa wamekwisha kukusanyika. Zaidi ya 250 wameuawa.

Kwa nini wawindwe watu wasio na silaha? Kwa maoni yetu, sababu moja ni kamera walizofunga kwenye helmeti. Gesi ya sarin ilipoua watu Khan Shaykhun tarehe 4 Aprili 2017, wao walikusanya sampuli. Oktoba mwaka huo wachunguzi wa kimataifa walitamka kwamba serikali ndiyo iliyohusika.

Desemba 2024, utawala wa Assad ulipoanguka, waokoaji hao walivunja kuta za gereza la Saydnaya wakitafuta vyumba vya siri, huku jamaa za waliopotea wakingoja. Hawakukuta mtu, nao walisema hivyo.